Msomi wa Kitabuni na Msomi wa Matopeni

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwamkia dereva nikidhani ndiye profesa.

Ilikuwa Bungu, mbele ya ofisi ya kata. Nilikuwa nimevaa gauni la Idi kwa sababu mtendaji wa kata aliniambia, "Vaa vizuri, Mwanaidi, unakwenda kufanya kazi na wasomi." Gari la chuo kikuu liliposimama alishuka mzee mwenye mvi na miwani, shati limechomoka upande mmoja, anatazama juu kama mtu aliyesahau jambo. Nikapinda goti nikasema, "Shikamoo, Profesa." Akaitikia marahaba bila wasiwasi wowote. Nyuma yake akashuka mtu mfupi mwenye ndala, amebeba jembe na ndoo mbili, nikamdhania kibarua wa kuchimba. Huyo ndiye aliyekuwa Mhadhiri wa Udongo, bosi wangu wa kwanza. Alikuwa amesikia nilivyomwamkia dereva wake. Akanipa ndoo moja, akasema, "Profesa atabaki garini apumzike. Sisi twende tukachimbe."

Kosa lile nililitoa vitabuni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sikuchaguliwa kuendelea, nikakaa nyumbani nikimsaidia mama kuuza mananasi kwa abiria wa mabasi ya kusini, na kati ya basi moja na jingine nikisoma hadithi yoyote iliyoachwa na msafiri. Katika hadithi zile msomi alikuwa wa namna mbili. Wa kwanza hachani nywele, anasahau hata jina la mkewe, na siku moja anaruka kutoka kitini kwa sababu jibu limemjia. Wa pili amevaa suti, anasema Kiingereza na watu wasiokijua, na mwisho wa kitabu inagundulika kwamba aliiba. Sikuwa nimewahi kusoma habari za msomi aliyebeba ndoo.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya usaidizi wa utafiti sasa, mnaoandika namba kwenye simu na kuzituma chuoni kabla matope hayajakauka miguuni. Nataka mjue tulivyoifanya siku zetu. Nataka pia kuwaeleza jambo ambalo limenishughulisha tangu siku ile ya gauni la Idi: kwa nini msomi wa kitabuni hafanani na wale niliofanya nao kazi, na kama angefanana nao, je, msomaji angemkubali?

Mhadhiri wa Udongo alianza kwa kunifundisha penseli. Uwandani, ndivyo wasomi wanavyopaita mahali pa kazi nje ya chuo, hakuna wino. "Wino ni wa ofisini," aliniambia. "Ukidondosha daftari majini, wino unaondoka na kazi ya mwaka mzima. Penseli inabaki." Kisha akanifundisha kuusoma udongo kwa mkono: unautia maji kidogo kiganjani, unausokota kama kamba, na urefu wa kamba kabla haijakatika unakwambia una mfinyanzi kiasi gani. Tulichimba mashimo kuanzia Bungu hadi karibu na Kibiti mjini. Kila shimo alikaa ndani yake muda mrefu, magoti mchangani. Mimi juu nilingoja aruke. Hakuruka hata siku moja. Nilipomuuliza jibu humjia lini, alijipangusa udongo mikononi kwanza.

"Labda mwakani," akasema. "Likiwapo."

Alipomaliza kazi yake alinipendekeza kwa Mtafiti Mkuu wa mradi wa mpunga, nikahamia Mbwera, kwenye visiwa vya delta. Unashuka kwa gari kutoka Bungu hadi Nyamisati, halafu unapanda boti na kuingia kwenye vijito ambavyo mgeni akiachwa peke yake hatoki. Huko nilikuwa mdadisi, yaani mtu anayekwenda nyumba kwa nyumba na dodoso, ile orodha ya maswali, na kuandika majibu. Wanawake wengi niliwakuta kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo walivyokaa msimu mzima wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Nikamuuliza mmoja anavuna kiasi gani. Akanijibu, "Kiasi cha kushukuru." Nikampelekea Mtafiti Mkuu karatasi ile huku nikiona haya, maana sehemu ya jibu ilitaka namba. Aliitazama, akaniambia, "Andika alivyosema. Usimsaidie mtu kujibu. Ukimsaidia, umejihoji mwenyewe."

Maneno hayo niliyaelewa vizuri miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimekwisha kuyavunja.

Bosi wangu wa tatu ndiye niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote. Alikuwa mwanamke wa bara, mrefu, mkimya, Mhadhiri Mwandamizi wa elimu ya mimea. Sisi tulimwita Dokta tu, na hata leo sina jina jingine la kumwita. Alikuja Mbwera na swali moja. Watu wa delta walikuwa wakikata mikoko na kulima mpunga mahali pake. Baada ya miaka kadhaa magugu na kaa huwashinda, wanaliacha shamba na kusogea mbele. Dokta alitaka kujua: shamba lililoachwa, mikoko hurudi yenyewe, au mpaka ipandwe?

Kwa nje swali lile lilikuwa jepesi. Kulijibu kulitaka vitalu kumi na viwili. Kitalu ni mraba wa hatua kumi kwa kumi, unauzungushia kamba kwenye shamba lililoachwa, na kila mwaka unarudi kuhesabu miche iliyoota na kupima unene wa mashina. Vitalu kumi vilikuwa upande wa kijiji. Cha nane na cha tisa vilikuwa ng'ambo ya kijito kipana. Aliyetuvusha kwa mtumbwi alikuwa Mzee Omari, mwenyeji wa Mbwera, mtu wa maneno machache aliyejua saa ya maji kupwa kuliko kalenda yoyote. Tulifanya kazi siku za bamvua, maji yanapokwenda mbali sana, na tulikuwa na saa chache tu kabla hayajarudi. Dokta alitembea matopeni akiwa amefunga kanga juu ya suruali. Akizama mpaka magotini alitaja namba za miche kwanza, ndipo akaomba kuvutwa.

Nilimchunguza kama alivyoichunguza mikoko. Nywele alichana. Jina la mumewe alilikumbuka, na kila Ijumaa alipanda juu ya gogo refu atafute mtandao ampigie simu. Hakuwa na kiburi cha Kiingereza. Kilichonishangaza ni jinsi alivyopenda kuambiwa kwamba amekosea. Mzee Omari alimwambia siku moja kwamba mti aliouandika mchu ni mlilana mchanga, aina nyingine ya mkoko. Akarudi na tawi lake mtumbwini, akalikagua jani kwa jani, kisha akafuta na kuandika upya, uso umechangamka kama aliyepewa zawadi. Katika hadithi zote nilizosoma hapakuwa na msomi wa hivyo.

Mwaka wa tatu Dokta aliitwa chuoni kusahihisha mitihani, akaniachia vipimo vyote. "Nakuamini, Bi Mwanaidi," akasema. Vitalu kumi nilivipima kwa siku nne. Siku ya tano nilitakiwa kuvuka. Lakini juzi yake mamba alikuwa amemchukua mbuzi pale pale tunapopandia mtumbwi, mbele ya macho yangu, na sauti ya yule mbuzi ilikuwa haijanitoka masikioni. Mzee Omari akaja kuniita. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Nikapanda dunguni, nikafungua daftari mahali palipoandikwa kitalu cha nane, nikatazama namba za mwaka uliopita, na karibu kila moja nikaiongeza kidogo. Nikafanya hivyo na kwa cha tisa. Nilipika takwimu, ndivyo tunavyosema. Ilinichukua muda mfupi kuliko kupika wali.

Mwaka uliofuata mamba hakuonekana, nikavuka pamoja na Dokta. Miche ya vitalu vile viwili ilikuwa michache mno. Dokta alisimama pale, maji yakaanza kurudi, bado amesimama. "Mwaka jana ilikuwapo yote," akasema. "Na ilikuwa inakua. Nini kimeiua kwa mwaka mmoja?"

Nikaanza kukunja kamba ya kitalu.

Alitafuta sababu. Alipima chumvi, alihesabu mashimo ya kaa, aliwahoji wazee kuhusu mafuriko. Mwisho akaandika makala juu ya kufa kwa ghafla kwa miche ya mikoko ng'ambo ya kijito, na makala ikapita kwa wahakiki, yaani wasomi wengine wanaosoma kazi kabla haijachapishwa ili kutafuta kasoro. Hawakuiona. Ikatoka kwenye jarida, ikasifiwa, na chuoni wakaanza kuzungumzia kumpandisha awe Profesa Mshiriki. Akaniletea nakala. Kwenye ukurasa wa shukrani palikuwa na jina langu.

Nakala ile niliiweka chini ya godoro, sikuweza kuilalia. Nikaihamishia kabatini, na kila nilipotafuta kitenge nikaiona. Miaka miwili nilikaa hivyo. Halafu Dokta akasema wageni kutoka vyuo vingine wanakuja kuona vitalu vya nane na tisa, nami ndiye nitakayewaeleza. Asubuhi hiyo tulikuwa tumekaa uani Mbwera, tunachambua mchele kwenye ungo mmoja.

"Dokta," nikasema, "vitalu vile viwili, mwaka ule ulioniachia, sikwenda."

"Hukwenda wapi?"

"Ng'ambo. Niliogopa mamba. Namba zile nilizitunga."

Mkono wake ulisimama juu ya mchele. "Zote?"

"Za vitalu viwili, zote."

"Na vile kumi?"

"Vile nilikwenda, wallahi."

"Usiape," akasema. "Lete daftari."

Nikalileta. Nilitegemea kelele, au nifukuzwe nipande boti ya kwanza. Dokta alilifungua magotini, akapitia ukurasa baada ya ukurasa, mpaka jua likatuhamisha kivulini na kutukuta tena. Kisha akanionyesha kurasa mbili.

"Hizi hazina tope," akasema. "Daftari zima lina tope na alama za vidole, isipokuwa hapa. Nimezitazama miaka yote hii na sikujiuliza."

"Nisamehe, Dokta."

"Ngoja kwanza. Niambie, ulizitungaje?"

Nilidhani ananisimanga. Lakini macho yake yalikuwa yale ya kuutazama mlilana aliouita mchu. Alitaka kujua kwa dhati. Nikamweleza nilivyoongeza kidogo hapa, kidogo pale, na pengine nikapunguza mche mmoja ili isionekane ya kupangwa. Akaniuliza kwa nini nilipunguza mche ule na si mwingine. Nikamweleza. Akatikisa kichwa polepole.

"Zilikuwa nzuri mno," akasema. "Ningepaswa kujua. Mikoko ya kweli haikui kwa adabu namna hiyo."

Kisha akainuka, akaingia ndani. Nilimsikia akilia, si kwa sauti kubwa. Alipotoka alikuwa amenawa uso na ameshika karatasi: barua kwa wahariri wa jarida akiomba makala yake iondolewe. Jina langu hakulitaja. Aliandika kwamba vipimo vya vitalu viwili havikuchukuliwa, na kwamba wajibu wa kuhakiki ulikuwa wake. Alinisomea yote, akaniuliza kama pana neno lisilo kweli. Nikamwambia, "Hilo la wajibu kuwa wako." Akasema hilo ndilo la kweli kuliko yote.

Wageni hawakuja. Cheo hakikuja. Dokta alistaafu akiwa Mhadhiri Mwandamizi vilevile. Mimi hakunifukuza, ila misimu miwili nilishika kanda ya kupimia tu, daftari akaandika mwenyewe. Msimu wa tatu alinirudishia penseli bila hotuba. Vitalu vile kumi alivipima vyote upya kwa mkono wake, na hoja yake kubwa ikasimama: mikoko hurudi yenyewe shamba likipumzishwa, lakini hurudi taratibu sana. Kijiji kilikubali kuyapumzisha mashamba ya zamani kwa kuamini hesabu hiyo. Watu waliacha ardhi ya baba zao kwa sababu ya daftari letu. Ndiyo maana nililala vibaya hata baada ya kukiri.

Siri hiyo tulikuwa nayo wawili, mpaka alipokuja Mwandishi.

Nilikuwa karibu kustaafu. Alitoka Dar es Salaam, mtu wa makamo, mpole, akiandika riwaya kuhusu profesa anayefanya utafiti delta. Aliniomba nimtembeze wiki mbili, na mchana jua likiwa kali alinisomea rasimu yake. Nilifurahi kupita kiasi, maana maisha yangu yote nilitamani kumpata mtu wa kumuuliza.

Profesa wake alikuwa na nywele timutimu. Alikaa msituni peke yake. Katika sura ya saba, mvua inanyesha, radi inapiga, jibu linamjia, naye anakimbia matopeni akipiga kelele.

"Anakimbia wapi?" nikamuuliza. "Kwenye tope la mikoko hakuna anayekimbia."

Akaandika.

"Na kibali cha utafiti alikipata lini? Dokta wetu alikaa miezi akizungushwa na barua kabla hajaliona jani moja. Nani anampikia? Nani anamwambia maji yanarudi? Hajakosea hesabu hata mara moja. Na kwa nini hachoki?"

"Bi Mwanaidi, msomaji hatasoma kurasa kumi za kuhesabu miche."

"Kwa nini asisome? Anasoma kurasa kumi za watu kupendana, na hilo nalo ni kurudia."

Alicheka sana. Alikuwa mtu wa kusikia, siwezi kumsema vibaya. Lakini tuliporudi nyuma kwenye sura ya tatu, akajitokeza msaidizi wa utafiti. Mjinga, anazungumza maneno mawili mawili, anamwita profesa "bwana mkubwa", halafu anavuka kijito na kuliwa na mamba ili profesa apate kuhuzunika.

Nikaomba arudie ukurasa ule. Akarudia. Nikamwambia, "Wasaidizi tuna mambo mengine ya kufanya zaidi ya kufa." Na kwa uchungu uliokuwa umenijaa nikamweleza habari ya dunguni, ya kurasa zisizo na tope, ya ungo wa mchele. Nilipomaliza alikuwa ameweka kalamu chini.

"Hii ndiyo riwaya yangu," akasema taratibu. "Utaniruhusu?"

Nikampigia Dokta, wakati huo amekwisha kustaafu. Akasema, "Kama wewe umeridhika, mimi sina kizuizi. Mwambie tu vitalu ni kumi na viwili, asije akaandika mia." Mwandishi akaahidi kubadili majina na kutomwambia mtu yeyote kwamba habari ile ilitokea. Alimfanya msaidizi kuwa mwanamume. Radi ya sura ya saba aliibakisha. Aliniambia aliipenda mno.

Kitabu kilipotoka nilikuwa nimestaafu, nimerudi Bungu. Wakaandaa kukisoma kwenye ukumbi wa shule moja ya sekondari mjini Kibiti. Walikuja walimu, wazazi na baadhi ya watu wa delta waliosikia kwamba kwao kumeandikwa. Mzee Omari alikuwapo, amezeeka. Dokta alisafiri kwa basi, akakaa kiti cha nyuma kabisa.

Mwalimu wa Fasihi, mwanamume nadhifu mwenye sauti ya kupendeza, ndiye aliyepewa kazi ya kuhakiki. Alisifu lugha. Alisifu zaidi sura ya radi: "Hapa tunamwona msomi hasa, jinsi fikra inavyomshukia." Watu wakapiga makofi. Kisha akageuza kurasa.

"Lakini mwandishi ametia chumvi panapouma," akasema. "Msaidizi amedanganya, hakuna aliyemshika, halafu anajisema mwenyewe huku akichambua mchele. Na mtaalamu anaposikia, badala ya kumfukuza, anamuuliza alitungaje. Kisha anaifuta makala iliyokuwa impandishe cheo. Ndugu zangu, mnamjua msomi wa namna hiyo? Hapo uhalisia umevunjika. Mwandishi aliwapenda wahusika wake kupita kiasi."

Watu wakacheka kwa kukubaliana naye. Mwandishi aliulizwa ajibu. Angeweza kusema neno moja tu na kujiokoa. Aliinama akatazama mikono yake, akasema, "Huenda Mwalimu yuko sahihi." Ameshika ahadi yake, nikawaza, na ahadi inamwaibisha mbele ya watu.

Niligeuka nyuma. Dokta alikuwa akinitazama mimi. Hakunipa ishara. Alikuwa na uso wake wa kazini, wa mtu anayengoja kuona kitakachotokea bila kukisukuma. Pale ukumbini walikuwa watu wa Mbwera wenye mashamba yaliyopumzishwa. Nikikaa kimya, hadithi ingebaki hadithi na mimi ningebaki Bi Mwanaidi wa watafiti, niheshimiwe mpaka nizikwe.

Nikasimama.

"Mwalimu," nikasema, "msaidizi huyo ni mimi."

"Bibi, unasema kwa mfano?"

"Nasema nilivyofanya. Nilitunga namba, nikamwambia, akanisamehe. Mtaalamu mwenyewe kakaa kiti cha nyuma pale."

Ukumbi mzima uligeuka. Dokta aliinua mkono kidogo, kama mtu anayeitika jina lake darasani. Mwalimu alifunga kitabu, akakifungua tena. Lakini Mzee Omari alisimama polepole akiegemea kiti cha mbele.

"Siku ile nilikungoja mpaka maji yakajaa," akasema. "Nikasema kichwa cha Mwanaidi leo kimemshika kweli." Hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayepanga vitu ghalani. "Sasa nataka kujua. Vile vitalu kumi, ambavyo kwa ajili yake tumeacha mashamba, navyo ni vya dunguni?"

Kitabu hakikuwa na swali lile. Nikamwambia vitalu kumi nilikwenda, na Dokta alivirudia vyote kwa mkono wake. Mzee Omari akasema, "Hivyo ndivyo unavyosema wewe." Ni kweli, ndivyo nilivyosema mimi. Nikamjibu kwamba bamvua ni wiki ijayo. Anayetaka aje Mbwera tupime pamoja.

Mnaniuliza siku hizi, mnaponitembelea hapa Bungu, kama kujisema mbele ya watu kuliniharibia jina. Wapo walionipita sokoni bila salamu kwa miezi. Wapo walioniletea samaki. Mwandishi alinipigia simu akaniuliza kama toleo la pili lisiwe na radi. Nikamwambia aiache, watu wanaipenda, ila aweke pia Mzee Omari na swali lake. Na mimi bado nasoma hadithi za wasomi kila ninapozipata. Namtafuta mmoja anayesema, "Sijui, hebu tuangalie tena." Nimewapata wachache. Nawaza labda si kosa la waandishi. Kusema "sijui" hakuna kishindo, na anayesema husemea chini, mbali na wasikilizaji. Lakini sijamaliza kulifikiria hilo.

Wiki ile ya bamvua tulikwenda Mbwera watu tisa. Dokta goti halikumruhusu kushuka matopeni, akabaki kwenye nchi kavu. Mwalimu wa Fasihi alikuja na buti mpya, moja likabaki ndani ya tope kabla hatujafika. Tulianza na kitalu cha tatu, alichokichagua Mzee Omari. Miti mingi pale imenipita kimo sasa, na chini yake miche inaota bila mpangilio, mingine imejikunja, mingine imekufa bila sababu inayoonekana. Nikampa Mwalimu kona moja ahesabu miche, kisha nikaihesabu mimi. Yeye alipata kumi na moja. Mimi nilipata tisa.

"Lazima mimi nimekosea," akasema. "Wewe ndiye mzoefu."

"Mzoefu ndiye aliyewadanganya," nikamwambia. "Tuhesabu tena."

Tuliinama pamoja, vichwa vinakaribia kugongana, tukagusa kila mche kwa kidole. Mmoja yeye aliuona mara mbili kwa sababu ulikuwa na matawi pacha. Mmoja mimi niliuruka kwa sababu ulikuwa nyuma ya mzizi. Tukapata kumi. Maji yalikuwa yameanza kurudi, na Mzee Omari alikuwa amekwisha kutuita mara moja. Mwalimu alikuwa na daftari, vidole vyake vimechafua ukurasa mzima.

"Niandike kumi?" akauliza.

"Andika kumi," nikasema. "Halafu andika pembeni kwamba tulibishana."